Maji Chini ya Chumba cha Mkwe

Waliokuwepo siku ile pale Endabash ni hawa. Mimi mwenyewe, Marselina Bura, fundi bomba, mkazi wa Ganako. Binti yangu Veronika, mwenye nyumba. Mume wake, ambaye jina lake la ubatizo nalijua, na hata lile alilopewa na babu yake nalijua, lakini kwetu mama mkwe hamtaji mkwe wake jina, kwa hiyo humu ataitwa Baba Anjela. Mama yake mzazi, Paulina, aliyekuwa akikaa nao tangu macho yake yaanze kufifia. Mzee Akonaay, kaka mkubwa wa marehemu baba yake Baba Anjela, msemaji wa ukoo. Na majirani wawili, Safari na Pasikali, mtu na mdogo wake, walioitwa kuja kubeba. Anjela mwenyewe alikuwa shuleni, na kwa hilo namshukuru Mungu hadi leo.

Nyie vijana mnaojifunza bomba pale Karatu mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi. Mlitaka niwaeleze jinsi ya kutafuta maji yanayovuja chini ya jamvi, yaani lile zege la sakafu, bila kuvunja nyumba nzima ya mtu. Ningeweza kuwaeleza kwa nyumba nyingine yoyote. Nimetafuta moyoni nyumba nyingine, sijaipata inayofundisha kama ile. Basi nitaisimulia hiyo hiyo, na mkiona mwandiko unapinda, jueni ni aibu, si uzee peke yake.

Kwanza mjue nilivyoingia kwenye kazi. Shule niliishia darasa la nne. Nikapata kazi ya usafi kwenye hoteli moja kule juu, ukingoni mwa kreta, ambako asubuhi ukitema mate unaona moshi. Wenzangu walikuwa wanadeki na viatu vya mpira, mimi nadeki pekupeku, nimezoea hivyo kwa mama yangu. Siku moja kwenye korido nikakanyaga mahali pa uvuguvugu. Nikarudi nyuma, nikakanyaga tena. Uvuguvugu. Nikamwambia mwenzangu Theresia, "Hapa sakafu ina homa." Akacheka mpaka akakalia ndoo.

Lakini fundi bomba wa pale, Mzee Lemburis, Mmasai wa huko huko Ngorongoro, alikuwa anapita. Akavua makatambuga yake, akasimama pale nilipoonyesha. Akafumba macho.

"Mama wa deki," akasema, "nimetafuta bomba hili la maji ya moto wiki nzima. Wewe umelipata kwa nyayo?"

"Sijatafuta, mzee. Nimekanyaga tu."

"Basi kesho utakuja kunikanyagia na kwingine."

Akamwomba msimamizi wetu, Bi Yustina, aniachie nimsaidie siku moja moja. Siku moja moja zikawa maisha yangu. Lemburis ndiye aliyenifundisha nondo. Anasimamisha kipande cha nondo sakafuni, ncha ya juu anaiuma kwa meno, kisha anaziba masikio kwa vidole. Nilidhani ni dawa za kimila. Kumbe sauti ya maji inapanda kwenye chuma, inaingia kwenye meno, na kutoka kwenye meno inaingia kichwani moja kwa moja, bila kupitia kelele za nje. Jaribuni. Maji yanayopita kwenye bomba zima yanaimba kwa sauti laini. Maji yanayotoka kwenye kitundu yanazomea.

Tatizo la nondo ni umbo la mtu anayeitumia. Ukiwa na nondo ndefu unasimama kama mtu. Kwenye chumba kidogo, kwenye kona, nondo ndefu haigeuki, unatumia fupi. Na ya fupi unapiga magoti, unainama, kichwa chini, makalio juu, mate yanakutoka kwa sababu mdomo uko wazi. Lemburis alikuwa mwanamume, na shuka lake lilikuwa refu. Mimi nilifanya hivyo maisha yangu yote nikiwa na kanga mbili, na mbele ya wageni sikujali. Mgeni anasahau. Mkwe hasahau.

Sasa tuingie Endabash.

Veronika alinipigia simu asubuhi, sauti ndogo, kama mtu aliyejifungia stoo. "Mama, maji yanatoka sebuleni. Yanatoka chini, kwenye maungio ya vigae. Tunapiga deki, yanarudi."

"Mmefunga koki ya mita?"

"Tukifunga yanapungua, lakini hayaishi. Na ukuta wa nyuma umeanza kuchanika, mama. Ufa unaingia kidole. Na jana Baba Mkubwa Akonaay alikuja."

Hapo nikakaa chini. Mzee Akonaay haji kwa mtu bure.

Mzee alikuwa ameangalia yale maji, akayagusa, akanusa vidole. Akasema pale palikuwa na chemchemi zamani, kabla hata baba yao hajapewa shamba lile, na chemchemi ina wenyewe. Nyie vijana wa leo mnacheka. Sisi wa huku tuliokuzwa na bibi zetu hatucheki. Wale wanaokaa chemchemini hatuwataji hovyo, na nyumba ikijengwa juu yao, wanaidai. Mzee akasema ukoo utakaa Jumamosi. Kama maji hayajajulikana yanatoka wapi, mabati yateremshwe, milango ing'olewe, watu wahamie nyumba ya zamani ya Mama Paulina kule bondeni, na mahali pale paachwe paote majani.

Nyumba ile, jamani. Veronika alibeba mchanga wake kichwani akiwa na mimba ya Anjela. Baba Anjela ni dereva wa watalii, alikuwa akirudi kutoka kreta na vumbi kwenye kope, anabadili shati, anakoroga zege. Ndani walijenga masta, chumba cha kulala chenye bafu humo humo, kitu ambacho pale kijijini kwao hakuna mwingine aliyekuwa nacho. Sasa yote yateremshwe kwa sababu ya unyevu sebuleni? Na mzee hakuwa na ubaya. Alikuwa anaogopa kweli, anaogopea watoto wa mdogo wake.

Nikapanda bodaboda na mfuko wangu wa vyombo, nondo ndefu nimeishika kama mkuki. Nilifika Ijumaa asubuhi.

Kazi ya namna hii inaanza na mita, na mngeanza hivyo hivyo. Unafunga bomba zote za ndani, hata ya choo, halafu unaangalia kile kigurudumu chekundu kidogo kwenye mita. Kikitulia, maji si ya bomba, ni ya mvua au ya mlima. Kikizunguka, ni bomba. Kilikuwa kinazunguka. Polepole, lakini kinazunguka. Nikamwita Mzee Akonaay aone.

"Naona," akasema. "Lakini Marselina, hicho kidude kinaniambia maji yanakwenda. Hakiniambii yanakwenda kwa nani."

Siwezi kusema alikosea. Nilipaswa kumwonyesha mahali, kitundu chenyewe, na sababu.

Ingekuwa rahisi. Bomba linaingia upande wa jikoni, linapita chini ya korido, tawi moja linakwenda choo cha nje, jingine linapita chini ya chumba cha kulala kwenda bafu la masta. Kungekuwa na koki ya masta peke yake ningeifunga, nikaangalia mita, nikamaliza mambo. Haikuwepo. Siku mkijenga wekeni koki kila tawi, nawasihi, mtamwokoa mama mkwe wa mtu.

Nikaanza kusikiliza. Jikoni: kimya. Korido: sauti ya mbali. Kadiri nilivyosogea mlango wa chumba cha kulala, ndivyo ilivyopanda. Nikafika mlangoni. Nikasimama.

Jueni kwetu ilivyo. Mama mkwe haingii chumba anacholala mkwe wake. Hakioni kitanda chake. Akipita mlango ukiwa wazi anageuza uso. Mimi na Baba Anjela miaka yote ile tulikuwa tunasalimiana yeye anaangalia mti, mimi naangalia kuku. "Shikamoo mama." "Marahaba baba." Kila mmoja njia yake. Na hakuna aliyetulazimisha, tuliona raha hivyo, heshima inakaa mahali pake.

Basi fundi mzima nikajisemea, labda sauti inadanganya. Labda inatoka sebuleni inagonga ukuta inarudi. Nikaenda sebuleni kwenye maji yenyewe, nikauma nondo, nikasikia kelele kweli, maana pale kulikuwa na kiungo kilichopinda, na maji yakipita kwenye kona hupiga kelele hata kama kona ni nzima. Nikasema, ni hapa. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza angeniambia maji hayatokei juu pale bomba lilipotoboka. Chini ya jamvi kuna kokoto, yanatembea kwenye kokoto mpaka mahali palipo chini zaidi, ndipo yanapanda. Nilijua. Nimewafundisha watu hilo. Lakini sebule haina kitanda.

Tukavunja vigae vya sebule, vile vya maua, alivyovichagua Veronika mwenyewe Karatu. Tindo na nyundo, Baba Anjela anapiga, mimi naelekeza nikiwa nimeangalia dirishani. Tukafika kwenye kiungo. Kikavu juu, kizima kabisa. Maji yanapita pembeni yake kwenye kokoto, yanatoka upande wa chumba cha kulala, yanateremka taratibu kabisa kama yametumwa.

Mzee Akonaay akachungulia shimo. "Chemchemi," akasema, na sauti yake ilikuwa ya huzuni.

Veronika akanivuta jikoni. Macho mekundu. "Mama, unajua yanatoka wapi?"

"Najua."

"Kwa nini huingii?"

"Unaniuliza hivyo wewe, Vero? Niliyekulea mimi?"

"Kesho wanateremsha bati, mama!"

"Niletee mtu mwingine aingie nimwelekeze."

"Nani? Safari? Hajui hata sauti ya maji ni ipi. Alisikiliza friji akasema ndiyo hiyo."

Mama Paulina alikuwa amekaa karibu na jiko anaota moto, tunadhani hasikii. Macho yake ndiyo yalikuwa mabovu, masikio yalikuwa mazuri kuliko nondo yangu.

"Mama Vero," akasema, "kinachokuzuia ni chumba au ni kitanda?"

"Ni kitanda, mama. Chumba ni kuta tu."

"Basi kitoeni. Kitanda kikiwa uani, humo ndani ni stoo. Utaingia stoo ya mwanangu, nani atakulaumu? Mimi ndiye mama yake, nimesema."

Nikaona ni busara kubwa, nikaingiwa na furaha. Veronika akakimbia kumwambia mume wake. Na hapo likatokea jambo ambalo sikulielewa mara moja. Baba Anjela akakataa.

Si kwa ukali. Alikuwa amesimama koridoni ameshika tindo, anazungumza na ukuta. "Haina haja," akasema. "Labda Baba Mkubwa ana haki. Labda ni chemchemi kweli. Tuhamie tu."

"Tuhamie?" Veronika akasema. "Wewe? Uliyeninyima usingizi miaka mitatu na habari za masta?"

"Nimechoka, mama Anjela."

"Toa kitanda!" Mama Paulina akaita kutoka jikoni.

Wakaitwa Safari na Pasikali. Mimi nikatoka uani, nikasimama nimegeukia zizi ili kitanda kikipita nisikione. Nikasikia mashuka yanatolewa, godoro linaburuzwa. Halafu nikasikia wanavyohesabu. "Moja, mbili, inua!" Kimya. "Inua bwana!" "Nimeinua mimi, wewe hujainua." "Nimeinua mpaka kiuno kimelia!" "Hiki kitanda cha nini, cha jiwe?"

Wakavuta. Wakasukuma. Nilisikia mbao zinalia na kitanda hakitoki mahali pake. Pasikali akatoa kicheko. "Kimeota mizizi!"

Mzee Akonaay aliposikia kitanda hakitoki alisimama kabisa, akashika fimbo yake kwa mikono miwili. Nilimwona uso. Kwa mzee yule, kitanda kilichong'ang'aniwa na ardhi katika nyumba yenye maji yasiyo na mwanzo, neno lilikuwa limekwisha. "Tokeni humo," akasema. "Tokeni wote. Kimeshikwa."

Ndipo Baba Anjela akasema, polepole sana, "Hakijashikwa, Baba. Kimefungwa."

"Kimefungwa na nani?"

"Na mimi."

"Kimefungwa na nini?"

"Bolti. Kuna spana namba kumi na saba kwenye gari."

Pasikali akaenda kwenye gari kuleta spana, na kila mtu akatafuta pa kuangalia. Nikasikia nati zinalegezwa moja moja, kila mguu, na kila nati ilikuwa inalia kwa kutu. Mimi niliangalia zizi. Ndama alikuwa ananiangalia na yeye.

Kisha Mama Paulina akaita kutoka jikoni, kwa sauti ya mtu aliyefumbuliwa jambo. "Kumbe! Ndiyo maana ule mlio uliisha! Kila siku ukuta wangu ulikuwa unagongwa, ngo, ngo, ngo. Halafu ukaisha. Nikasema panya wamehama."

Jamani. Nimeishi miaka mingi. Nimeanguka kwenye shimo la choo mbele ya wageni wa kizungu. Nimewahi kuvunja bomba kuu Jumapili kanisa linatoka. Lakini sijawahi kutamani ardhi ipasuke kama wakati ule. Safari aliacha kulegeza nati. Pasikali akaanza kukohoa, kikohozi cha uongo, kikohozi cha kuficha kicheko, na kadiri alivyokohoa ndivyo ilivyokuwa mbaya. Veronika alijifunika uso kwa kanga yote. Na mimi, mama mzazi wa msichana, nimesimama uani na nondo mkononi, na kila mtu anajua kwamba nimeelewa.

Kitanda kikapita nyuma ya mgongo wangu. Wakakiweka chini ya mparachichi. Sikugeuka.

"Tayari, mama," Veronika akasema, akiangalia miguu yake.

Nikaingia. Nawaambia kweli, kuondoa kitanda hakukusaidia kitu. Chumba kilikuwa kitupu na kitanda kilionekana zaidi kuliko kama kingekuwepo. Alama yake sakafuni, mstatili wa vumbi, pembeni pamedekiwa. Ukutani, pale kichwa cha kitanda kilipokuwa kinagonga zamani, rangi imechubuka. Na kwenye pembe za mstatili, bolti zimetoka sakafuni kama uyoga. Nilitaka kutembea bila kukanyaga ule mstatili, lakini chumba ni kidogo, hakuna pengine.

Nikavua viatu. Kwa maji baridi mguu hauoni joto, unaona kama jasho. Upande wa mlango pakavu. Nikasogea. Kwenye pembe ya ndani, karibu na bafu, nyayo zikashika unyevu. Nikagonga kwa mpini wa nyundo: kwingine pote ngu, ngu, pale po, po, kama debe. Udongo umeshachukuliwa chini yake, ndiyo maana ukuta unachanika. Nondo ndefu haikugeuka pale pembeni.

Nikatoa fupi. Nikapiga magoti. Baba Anjela alikuwa mlangoni kwa sababu ndiye wa kupiga tindo, hakuwa na pa kwenda. Nikajifunga kanga ya pili, nikavuta ya kwanza, nikainama, nikauma nondo. Mkwe wangu yuko nyuma yangu, mimi niko magoti kwenye alama ya kitanda chake, kichwa chini, mate yananitoka. Nilifumba macho. Nikasikia inazomea kwa nguvu, mpaka meno yakawasha. Haikuwa na shaka. Ilikuwa inatoka chini ya bolti yenyewe.

Nikakaa kitako. Ningeweza kuonyesha pembeni kidogo, tuvunje kwa upande, nitengeneze, nifunike. Wangejua tu kwamba bomba limepona.

"Hapa," nikasema kwa ukuta. "Pole pole. Usipige bolti."

Akapiga tindo. Jamvi lilikuwa jembamba, fundi wao alibana saruji, na bomba lilikuwa limekaa juu juu, la plastiki, halina kina hata kiganja. Nikachota matope kwa kijiko. Nikapangusa kwa kitambaa. Nikaona ncha ya bolti imepita ndani ya bomba upande wa juu, sawasawa, kama sindano kwenye kitambaa.

Sikilizeni sasa, hili ndilo la kazi. Mtu akitoboa bomba kwa drili, maji yanaruka usoni, anajua. Baba Anjela alitoboa siku maji ya kijiji yamekatika. Akapiga bolti, bolti ikaziba tundu lake yenyewe. Maji yaliporudi hayakuvuja hata tone. Lakini bolti iliyoshika kitanda haitulii. Kitanda kikitikisika, bolti inatikisika, tundu linapanuka. Taratibu, miezi na miezi. Sitaeleza zaidi ya hapo.

Nilipoinua uso, Mzee Akonaay alikuwa mlangoni, ameinama chini ya kizingiti.

"Umepata?"

"Nimepata, mzee. Bomba lilikuwa na kasoro."

"Kasoro gani? Bomba hili halijazeeka."

"Kasoro ya bomba tu. Yanatokea."

Akaangalia lile shimo lenye matope. Akamwangalia Baba Anjela, ambaye alikuwa amegeukia ukuta kabisa. "Marselina," akasema, kwa upole, "nimekuja na woga wangu. Ukinipa neno lisilo na mguu nitarudi nao. Kesho nitawaambia watu nini? Kwamba palikuwa na kasoro? Na sebuleni ulisema hivyo hivyo."

Alikuwa na haki. Neno lisingetosha. Nikamwangalia binti yangu mlangoni nyuma ya mzee, mikono yake kwenye kizingiti alichokipaka rangi mwenyewe. Nikaomba msumeno. Nikakata bomba huku na huku, nikaling'oa na bolti yake ndani. Nikasimama. Nikanyoosha mkono mbele ya mzee, kile kipande kimetobolewa na bolti ya kitanda cha mkwe wangu, maji machafu yananitiririkia mpaka kwenye kiwiko. Nikasema, kwa sauti, mbele yao wote:

"Kimetobolewa hapa, mzee. Na hii. Ya kitanda."

Mzee akakipokea. Akakigeuza. Akaivuta bolti, akaingiza kidole kwenye tundu. Alichukua muda wake wote. Kisha akasema, "Wa chemchemini hawana bolti."

Akairudisha mkononi mwangu, akatoka nje. Nikamsikia uani akimwambia Safari, "Bati zibaki." Na baada ya kidogo, "Na wewe acha kukohoa."

Nilitengeneza mwenyewe. Nikalipitisha bomba pembeni mwa chumba, ukutani, ndani ya mfereji wake, mbali na sakafu. Nikafungua maji, nikaliacha wazi mpaka kesho yake kabla ya kufukia. Msifukie siku hiyo hiyo, hata mwenye nyumba akiwasukuma. Nikajaza lile pango chini ya jamvi kokoto na mchanga, nikashindilia, nikamwaga zege nene. Mita ikatulia. Jumamosi ukoo ulikaa, ukala, ukatawanyika.

Siku hizi mna mashine za kusikilizia zenye vifaa vya masikioni. Nimeona moja kwa kijana mmoja hapo Karatu, akanivalisha, nikasikia maji nikiwa nimesimama wima kama mtu wa heshima. Zinunueni. Na kabla ya kugusa nyundo, ulizeni mwenye nyumba: umepigilia nini sakafuni? Rafu, kabati, mlango, kitanda? Muulizeni mwanamume peke yake, mwanamke peke yake, na msicheke. Ningeuliza hivyo asubuhi ile, kwa kupitia Veronika, vigae vya maua vingekuwepo bado. Niliona aibu kuuliza, nikaja kupata aibu kubwa mara mia.

Tangu hapo Baba Anjela hanisalimii akiangalia mti. Ananisalimia akiwa nyuma ya gari. Nami nikienda Endabash natuma ujumbe kwanza, ili awe na muda wa kwenda kreta hata kama hana wageni. Anjela anauliza kwa nini baba anakimbia bibi akija. Veronika anamwambia baba ana kazi. Kitanda sijui kimefungwa na nini sasa. Sijauliza. Lakini Mama Paulina amehamishwa chumba cha mbele, na anasema huko kuna jua zaidi.

Basi nimeandika nilivyokumbuka. Mzee Akonaay ametangulia, hawezi kunirekebisha. Wewe Veronika, na Mama Paulina ukisomewa, na nyie Safari na Pasikali, kama spana haikuwa kumi na saba, kama nimekosea aliyesema lipi, njooni Ganako mniambie nifute. Mafundi nanyi, kama nondo zenu zimewaambia kinyume cha nilichoandika, niambieni. Isipokuwa wewe, Baba Anjela. Wewe, mwanangu, hata kama nimekosea kila neno, tafadhali usije kunisahihisha.